Je, harakati ndogo kama yetu ipinge hataza za dawa?

Kijana wa Busia

Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri, na mnivumilie maana nitaeleza kwa urefu.

Sisi ni kikundi cha vijana 19 hapa Busia, upande wa Uganda. Wengi wanaendesha boda, wawili ni walimu, mmoja anabadilisha pesa mpakani. Siyo chama. Tunajiita harakati, na tunalisema kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu hapa kwetu ukitamka "Movement" kila mtu anaona rangi ya manjano ya chama tawala, NRM. Tunaandika waraka wa kurasa nne: maji, ushuru wa soko, barabara, afya. Mimi nimepewa afya.

Nimeandika hivi: "Tunapinga hataza zote za dawa. Hataza ni wizi." Kwa wasiolijua neno, hataza ndiyo patenti: mvumbuzi anapewa miaka 20 ambayo hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kutengeneza kitu chake bila yeye kukubali. Jumapili tulipokaa kuusoma waraka, pakawaka moto. Mwalimu mmoja akasema sentensi hiyo haina kazi Busia, hata tukiipigia makofi hakuna kampuni Ulaya itakayosikia. Mwingine akasema bila hataza hakuna atakayehangaika kutafuta dawa mpya. Tukaachana bila kukubaliana, na chai ikapoa.

Sababu yangu sikuitoa kitabuni. Shangazi yangu, ndiye aliyenilea, alishikwa na saratani ya titi mwaka 2022. Daktari alituandikia jina la dawa kwenye kikaratasi, trastuzumab, akasema ndiyo inayofaa kwa saratani ya aina yake, adungwe kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mzima. Nilizunguka na kikaratasi hicho maduka matatu ya Kampala. Katika duka la tatu yule dada hakutaja bei kwa mdomo. Aliiandika kwenye kalkuleta akanigeuzia. Nilidhani ameongeza sifuri. Shangazi alidungwa mara mbili tu, pesa ikaisha. Tulimzika Februari 2024. Kikaratasi bado kiko nyuma ya kava la simu yangu.

Basi nauliza: tupinge hataza, au niifute sentensi?

Tanboi Mstaafu

Pole sana kwa shangazi, kaka.

Sentensi iache, lakini badilisha neno. Ukisema "hataza" hapa sokoni watu watauliza huyo ni mbunge wa wapi.

Mfamasia wa William Street

Kijana, pole kwa msiba. Nitakuambia jambo ambalo huenda likakuuma, na ninakuambia kwa sababu nasimama nyuma ya kaunta ya dawa kila siku.

Shangazi yako hakuuawa na hataza. Trastuzumab iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Hataza yake kuu ilikwisha Ulaya mwaka 2014, Marekani mwaka 2019. India walikuwa wanauza ya kwao tangu 2014. Desemba 2019 Shirika la Afya Duniani liliipitisha nakala ya kwanza ya dawa hiyo. Shangazi alipougua 2022, mlango ulikuwa wazi. Kilichokuzuia ni mambo mengine: dawa hiyo inakuzwa ndani ya chembe hai, siyo unga wa kukandamiza kuwa kidonge, kwa hiyo watengenezaji ni wachache. Inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 kutoka kiwandani hadi mkononi mwa nesi. Waagizaji wanaagiza kidogokidogo, kila mkono unaopitia unaongeza chake, na wewe hukuwa na bima.

Mfano mwingine ni insulini. Banting na wenzake wawili waliiuzia hataza Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja, ili isije ikawa mali ya mtu. Ni zaidi ya miaka 100 sasa. Mwezi uliopita mama mmoja mwenye mtoto wa kisukari aliniuliza kama naweza kumuuzia nusu chupa. Nilimwambia chupa haikatwi. Akaomba basi nimwazime sindano anyonye kiasi, abaki na kinachomtosha wiki.

Kwa hiyo andikeni bajeti. Andikeni bohari na friji. Hataza ni kelele ya mikutano.

Karani wa Mawakili

Naongezea upande wa sheria, kwa ufupi, niko kazini.

Uganda tayari haitoi hataza kwa dawa. Sheria yetu ya Mali ya Viwandani ya 2014, kifungu cha 8, imeziweka dawa kando hadi 1 Januari 2016 "au muda mwingine" ambao nchi maskini zaidi zitapewa chini ya TRIPS, mkataba wa biashara duniani kuhusu hataza na haki kama hizo. Muda ukaongezwa hadi 1 Januari 2033. Kwa hiyo kusema "tunapinga hataza za dawa" nchini Uganda ni kama kuipinga mvua mwezi wa Januari.

Ila kuna nyufa. Ya kwanza iko Harare. Kuna shirika la ARIPO linalotoa hataza kwa niaba ya nchi wanachama, na Uganda ni mwanachama. Ombi likikubaliwa huko, nchi ina miezi 6 ya kusema "kwetu haitakuwa na nguvu". Ikinyamaza, inasimama. Ofisi ya kusema hivyo kwetu ni URSB, wasajili wa serikali. Mwulizeni mbunge wenu ni maombi mangapi ya dawa yamekataliwa kwa barua. Mkiuliza hilo tu, mtakuwa mmefanya zaidi ya kurasa nne.

Ya pili ni huo msamaha wenyewe. Unawahusu walio kwenye orodha ya nchi maskini zaidi, na viongozi wetu kila mwaka wanatuahidi kipato cha kati. Siku tukiondolewa kwenye orodha, tutashangilia barabarani, na msamaha utaondoka nyuma ya mgongo wetu.

Ya tatu ni neno "bandia". Kenya walipitisha sheria ya bidhaa bandia mwaka 2008, imeandikwa kwa mapana hivi kwamba jenerika halali, yaani dawa ileile iliyotengenezwa na kiwanda kingine, ingeweza kukamatwa kama feki. Watu watatu wanaoishi na VVU wakaenda mahakamani, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akasema haki ya uhai inatangulia. Muswada wa namna hiyo ulizunguka kwetu pia miaka ile.

Mama Samaki, Majanji

Mwanangu Kijana wa Busia, pole. Aliyekulea ni mama, usimwite shangazi peke yake.

Mimi ni mtu wa Majanji, huku ziwani, nauza mukene, hao dagaa, tangu hujazaliwa. Naandika kwa simu ya mjukuu, herufi zikirukaruka mtanisamehe.

Nimemsoma mfamasia, nimemsoma karani. Wote wamesema kweli. Lakini wameanza kuhesabu katikati.

Mume wangu alikuwa tanboi wa malori ya Mombasa hadi Kampala. (Wewe Tanboi Mstaafu huenda ulimjua, alikuwa mrefu, hana jino la mbele.) Alikufa kwa Ukimwi Septemba 1999. Zile dawa tatu za kumeza pamoja, zilizowafanya wazungu waache kufa, zilitangazwa kwenye mkutano wa Vancouver mwaka 1996. Hesabu mwenyewe. Mwaka 2000 nilipopimwa Tororo, mshauri wa TASO, shirika la kusaidia wenye virusi, hakunificha. Aliniambia dawa ipo, kwa mwaka ni dola 10,000 kwenda juu. Kisha akaniuliza nina nini nyumbani. Nilikuwa na mtumbwi mmoja wa kukodisha, nyavu, na watoto watatu. Alifunga daftari taratibu, akaanza kunifundisha jinsi ya kuwaandalia watoto kitabu cha kumbukumbu. Niliandika kurasa kumi na moja. Niliwaeleza jina la babu yao na jinsi ya kukausha samaki wakati wa mvua.

Sasa mfamasia, unasema bajeti. Bajeti gani ya Entebbe ingemlipia kila mgonjwa dola 10,000 mwaka ule? Bei ikiwa hivyo hata mwenye huruma anageuza uso, na waligeuza. Mwaka 2001 mkubwa mmoja wa misaada kutoka Marekani alisema Waafrika hatujui kutazama saa, tutamezaje dawa kwa wakati. Mimi kweli sikuwa na saa. Baadaye nilipozipata nilimeza redio ikianza taarifa ya saa moja asubuhi, na jioni ikisoma tena saa moja. Sikukosa hata siku ya mazishi ya mama yangu.

Kilichovunja bei ni siasa, mwanangu. India mwaka 1970 walitunga sheria kwamba dawa yenyewe haipewi hataza, ila njia ya kuitengeneza tu. Ndiyo maana kiwanda cha Cipla kiliweza kuziunganisha dawa tatu kwenye kidonge kimoja bila kuomba ruhusa, na Februari 2001 mwenye kiwanda, Yusuf Hamied, akatangaza dola 350 kwa mwaka. Hapa kwetu Daktari Peter Mugyenyi wa JCRC, kituo cha utafiti na tiba ya Ukimwi, alikuwa ameshaanza kuagiza jenerika za India bila kungoja wenye hataza wanune au wacheke. Na Afrika Kusini makampuni 39 yaliyoishtaki serikali ya Mandela tangu 1998 yakaondoa kesi Aprili 2001, baada ya watu wa TAC, wanaharakati wa kudai dawa, kujaa barabarani na fulana zao za kusema wazi tuna virusi. Nionyesheni hapo ni nani ambaye hakuwa anafanya siasa. Mwalimu wenu anayesema kampuni haitasikia, mwambieni zilisikia.

Nilianza kumeza 2002. Dola 350 ukizigawa kwa miezi 12 ni kama 29. Kaka yangu aliuza fahali, akanipa miezi mitano. Akauza wa pili. Nilikuwa nakwenda zizini jioni nahesabu mikia, najua nimebakiza muda gani wa kuishi. Mwaka 2004 serikali ikaanza kutoa bure, na ng'ombe watatu wakapona pamoja nami.

Lakini sijafika ninapotaka kufika. Kidonge kile kilikuwa na stavudine ndani. Kiliniokoa, kisha kikanila mashavu. Nyama ya uso iliondoka, ya matako ikaondoka, nyayo zikawa zinawaka usiku hata shuka sivumilii. Pale sokoni tulikuwa wanawake sita wenye sura hiyo moja. Hatukuhitaji kuambiana hali zetu, mtu akitutazama ameshajua. Tenofovir, isiyofanya hayo, ilikuwa imeidhinishwa Marekani mwaka 2001, kabla sijameza hata kidonge changu cha kwanza. Mimi niliionja 2011. Miaka ile yote katikati ile nzuri ilikuwa ya wenye nacho, ile ya kula mashavu ndiyo ya bei yetu. Mpaka leo nikipigwa picha ya kitambulisho najaza hewa mdomoni.

Ndiyo maana nasema hataza inakula miaka. Dawa hatimaye inafika, sikatai. Ya saratani ya mama yako ilianza kutumika 1998, mfamasia anasema wa pili kuitengeneza wakaruhusiwa 2014. Miaka kumi na sita mtengenezaji mmoja peke yake! Kama wengine wangeanza mapema, leo wangekuwa wengi, wameshagombana bei hadi imeshuka, na mafriji yao yangekuwa yamefika Mbale na Soroti. Mfamasia anaona uchache wa watengenezaji anasema hiyo si hataza. Mimi naona ni mkia wake.

Namkubalia jambo moja. Siku hizi kidonge changu ni kile cha TLD, dawa tatu ndani ya kimoja, cha mara moja kwa siku. Kilipotangazwa 2017 kilikuwa kama dola 75 kwa mwaka, na kimeshuka tena tangu hapo. Chupa imeandikwa imetengenezwa India. Mimi ni mshauri wa wagonjwa wenzangu kliniki, nafundisha mabinti kumeza, na nawaonyesha jinsi ya kuzihamishia dawa kwenye kitambaa, maana chupa inacheza kayamba ndani ya mkoba na mama mkwe ana masikio. Januari 2025 Marekani ilipofunga mkono wa misaada tuliambiwa tubaki nyumbani. Vidonge vilikuwepo kabatini. Aliyekosekana ni mtu wa kumpigia simu binti aliyeacha kuja. Hapo hataza haikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo bajeti iandike. Lakini usiandike bajeti ukafuta hataza, kwa sababu bajeti ni bei mara idadi ya watu, na bei inaamuliwa mahali pengine.

Mfamasia wa William Street

Mama, nimekusoma mara mbili. Kuhusu mkia, nakuachia. Sikulifikiria hivyo.

Lakini lile swali la mwalimu bado halijajibiwa. Hiyo tenofovir, hiyo dolutegravir iliyomo kwenye TLD yako, zilitafutwa na makampuni yaliyotegemea hataza. Tukizifuta zote, ya kesho atatafuta nani?

Mama Samaki, Majanji

Mwanangu, hawakuzitafuta kwa ajili ya pesa ya Majanji. Walihesabu Marekani na Ulaya, huko wakauza, huko wakarudisha chao. Tukimeza jenerika sisi hapa hawapotezi kitu walichokuwa nacho mfukoni.

Na nikuulize mimi. Mjomba wangu wa Busoga alipata malale, yale ya mbung'o. Walimdunga melarsoprol, dawa ya mwaka 1949 iliyotengenezwa na aseniki, sumu ileile. Ilikuwa inaunguza mshipa hadi unanuka, na wagonjwa kama watano katika mia waliuawa na dawa yenyewe. Mjomba aliniambia ni kama wamekutia pilipili ndani ya damu. Hataza zilikuwepo miaka yote hiyo. Mbona hakuna aliyekimbilia kutafuta nyingine? Kwa sababu mwenye malale hana pesa. Kidonge cha kumeza, fexinidazole, kilikuja 2018 kwa malale ya Afrika Magharibi na Kongo, na Desemba 2023 ndipo kikakubaliwa kwa ile ya kwetu. Aliyekisukuma ni shirika lisilotafuta faida, DNDi, kwa pesa za michango, likishirikiana na kampuni. Kumbe inawezekana.

Karani wa Mawakili

Na ile sindano mpya ya kinga dhidi ya VVU, lenacapavir, inayodungwa mara mbili kwa mwaka? Mabinti wa Uganda na Afrika Kusini ndio walioijaribia. Waliodungwa sindano hiyo walikuwa 2,134, hakuna hata mmoja aliyepata virusi. Ilipoidhinishwa Marekani 2025 bei yake huko ilikuwa dola 28,218 kwa mwaka. Kampuni imetoa leseni kwa watengenezaji sita wa jenerika wauze nchi 120, na imetangazwa kwamba kuanzia 2027 itakuwa kama dola 40. Uganda imo. Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambako pia ilijaribiwa, hazimo.

Ni habari njema kwetu. Ila orodha ile iliandikwa na mwenye hataza. Aliyeiandika anaweza kuandika nyingine kwa dawa ijayo, na sisi tusiwemo.

Tanboi Mstaafu

Mama Samaki, alikuwa akiitwa Refu? Lori la bluu, la Mwarabu wa Mombasa?

Kijana wa Busia

Sijui niseme nini. Nimemsomea mwalimu yote kwa sauti, akanyamaza, akasema tuongeze karatasi.

Nimefuta "hataza ni wizi". Nimeandika kwanza lile swali la karani, kwamba mbunge wetu atuletee idadi ya maombi ya dawa ambayo URSB imeyakataa Harare ndani ya miezi 6. Halafu kwamba muda wa 2033 usiachwe uishe tumelala, na nchi ikipanda daraja ijadiliane mapema. Suala la friji na bohari limepewa ukurasa wake. Kuhusu shangazi nilikuwa nimeandika mistari sita. Nimebakiza mmoja.

Sehemu ya 1996 hadi leo bado inanishinda, naiandika inakuwa kama kitabu cha shule. Mama, naweza kuja Majanji unisimulie, niandike kwa maneno yako? Jina lako sitaliweka.

Mama Samaki, Majanji

Tanboi, ndiye. Lori la bluu. Nitakupigia kwa simu ya mjukuu, niwekee namba kwenye ujumbe wa pembeni.

Kijana, njoo Jumamosi kabla ya saa nne, baada ya hapo mukene wanafika na mimi sina masikio. Alhamisi usije, ni siku ya kliniki. Siku hizi tumerudi wachache, nakaa na mafaili mpaka jioni. Kile kitabu cha kurasa kumi na moja bado ninacho, binti yangu alinirudishia alipoolewa, nitakusomea kidogo. Lete daftari lako. Na ukija na fulana ya chama chochote, ya manjano au nyekundu, nitakuuzia samaki nikurudishe kwenye boda.